Okidi ya mwambani Mtongwe: nitamjuaje mdudu anayeichavusha?

BintiMtongwe
Assalamu alaykum jamaa. Shambani kwa mjomba, mwamba wa matumbawe unapoteremkia baharini, kuna okidi kubwa, majani kama mikanda. Nimeambiwa ni Angraecum eburneum, aina ya huku kwetu iitwayo giryamae, jina la Wagiriama. Mchana hainuki; jua likizama, harufu yafika mpaka barazani. Mwaka jana maua yote yalinyauka bila tunda, roho iliniuma sana. Safari hii imetoa tisa. Nimekesha siku tatu na tochi, sikuona ila mbu. Nifanyeje? Tena ile petali pana, nyeupe kama kijiko cha kauri, iko juu badala ya chini. Ni ugonjwa? Na binamu yangu ataka kuing'oa aitie chunguni.

Maalim_Kisauni
Wa alaykum salaam dada. Si ugonjwa. Okidi nyingi hujipinda kikonyo kabla ua halijafunguka, mdomo, yaani hiyo petali pana, ukaja chini. Hii haifanyi hivyo. Tazama nyuma ya mdomo: kuna mrija mwembamba wa kijani, mbochi, maji matamu ya ua, iko ndani kabisa. Weupe, harufu ya usiku, mrija mrefu: huyo ni nondo, yule mdudu kama kipepeo arukaye usiku. Mwaka 1862 Charles Darwin alipima mrija wa nduguye wa Madagaska, karibu sentimita 30, akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Wanasayansi walikuja kumweleza nondo huyo 1903, Darwin keshakufa. Funika tochi kwa nailoni nyekundu, na usichome udi wala dawa ya mbu karibu.

MamaMiche
Mwanangu, lala. Ua lisome asubuhi kwa lenzi. Katikati pana nguzo fupi nene, dume na jike pamoja. Nchani pana kikofia, na chini yake vidonge viwili vya chavua vyenye gundi. Visipokuwepo, mgeni kapita. Lakini hapo ua limetoa tu. Kama limepokea, tazama kishimo chenye utelezi, vidonge vitakuwa vimenasa humo. Funga kila ua uzi wa rangi yake, uandike.

Mvanila
Mimi ningechukua njiti nikachavusha mwenyewe, kama vanila.

MamaMiche
Mawili tu, kaka, tena yatiwe alama, asije akahesabu kazi yake kuwa ya nondo. Na huyo binamu mzuieni. Mbegu za okidi ni vumbi, hazina akiba ya chakula, porini haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Chunguni atawapata wapi?

BintiMtongwe
Shukran sana. Leo baada ya alfajiri: ua la nne, uzi mwekundu, kikofia hakipo, vidonge havipo! Mdomoni pana unga wa kijivu, mwembamba kama wanja. Vishimo vyote bado vitupu. Mjomba kamwambia binamu chungu chake apande mrehani.