Mzee anayumba akitembea: tusubiri, CT, au MRI moja kwa moja?

Kipepeo: Wadau, habari za jioni. Baba ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya 3. Alishapasuliwa, sasa yuko mzunguko wa 5 wa kemo (dawa za kuua saratani), oksaliplatini kwa dripu na florourasili kwa pampu. Wiki mbili hizi anayumba kama mlevi, na juzi alishindwa kufunga kifungo cha shati. Nesi anasema ni ganzi ya dawa. Mbele yetu kuna njia tatu: tusubiri dozi ipunguzwe mzunguko ujao, tupige CT ya kichwa (picha ya eksirei za kompyuta), au turuke tuende MRI (picha ya sumaku). Aliyepitia haya anisaidie.

Shangazi_wa_Nne: Pole mwanangu. Oksaliplatini naijua kwa vidole vyangu. Ganzi yake ni mbili. Ya kwanza huamshwa na baridi: siku chache baada ya dripu, ukishika kitasa cha chuma unahisi sindano, ukinywa maji ya friji koo linakaza hadi udhani unakabwa. Hiyo hupita. Ya pili hujijenga polepole kwenye nyayo na viganja, na inaweza kuzidi kwa miezi hata baada ya dawa kusimamishwa. Vidonge vya duloksetini vilinipunguzia maumivu, ganzi yenyewe ikabaki.

Kifungo cha shati naamini ni ganzi. Kuyumba ndiko kunakonitia shaka. Mimi huyumba gizani, kwa sababu nyayo hazijui sakafu iko wapi. Taa ikiwaka natembea sawa. Baba je?

Fundi_Saa: Msikimbilie mashine. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya majaribio sita yaliyounganishwa, yakilinganisha kemo ya miezi 3 na ya 6 kwa wagonjwa wa hatua ya 3. Ganzi ya wastani au kali iliwapata karibu nusu ya waliokwenda miezi 6, lakini takriban 1 kati ya 6 tu kwa miezi 3. Kwa wenye hatari ndogo ya saratani kurudi, hasa waliotumia vidonge vya kapesitabini badala ya pampu ya florourasili, kinga dhidi ya saratani kurudi ilikaribiana sana. Mwulizeni daktari kama oksaliplatini inaweza kuishia hapo.

Tabibu_Mstaafu: Fundi, takwimu zako ni sawa, ila unatibu ganzi kabla hatujajua kama ni ganzi.

Saratani hii hupeleka mbegu kwenye ubongo mara chache, kati ya mgonjwa 1 na 4 kwa kila 100, na mara nyingi mapafu huwa yameshaguswa. Ikifika huko hupenda ubongo wa kisogoni, unaosimamia mizani ya mwili. Hapo CT ni dhaifu, mifupa minene ya kisogo huchafua picha. MRI yenye dawa ya kung'arisha huona uvimbe mdogo, hata utando wa ubongo. Ikiwa safi, ndipo tufikirie kupima maji ya uti wa mgongo na kutafuta kingamwili zinazoshambulia neva kwa kuzidhania uvimbe, jambo adimu mno kwa saratani ya utumbo. Maji hayo yasitolewe kabla ya picha: presha ndani ya fuvu ikiwa juu, ni hatari.

Na si kila kitu ni picha. Angekuwa amechanganyikiwa siku chache baada ya pampu, ningepima amonia (taka ya mwili yenye sumu kwa ubongo) kwenye damu siku hiyohiyo, maana florourasili huweza kuipandisha. Kama alikatwa pia mwisho wa utumbo mwembamba, panapofyonzwa vitamini B12, ipimeni, maana upungufu wake nao huleta ganzi na kuyumba.

Kipepeo: Shangazi, jana usiku nilimwangalia kwenye korido, taa zote zinawaka. Mguu wa kushoto unaenda upande wake, anagonga ukuta uleule kila mara. Leo asubuhi aliamka na kichwa kinauma, akatapika, halafu akapata nafuu. Hakuna dripu wiki hii. MRI tumepangiwa Alhamisi.

Shangazi_wa_Nne: Mimi sikuwahi kuwa hivyo.

Tabibu_Mstaafu: Basi nabadilisha jibu langu. Kichwa cha asubuhi na kutapika huwa dalili ya presha kichwani. Msingoje Alhamisi, mpelekeni dharura usiku huu, na kama iliyopo ni CT, ipigwe hiyohiyo. Haitaona kila kitu, lakini kwa dakika chache itaonyesha damu au maji ya ubongo yaliyozibiwa njia, na wataamua kuhusu deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. MRI itafuata. Bebeni karatasi yenye tarehe za kila dripu na siku aliyoanza kuyumba.

Kipepeo: Tunatoka sasa.