Naomba ushauri: nataka kujenga kijumba cha kulala juu ya Kirikuu, fundi ananitisha kwa vyuma

mrinaji_kati
Habarini wakuu. Naishi Dodoma mjini, mizinga yangu iko msituni upande wa Itigi. Wanaofuga nyuki wanajua: nyuki wetu huwezi kuwarina asali mchana jua likiwaka. Tunaanza magharibi, tunamaliza saa nne au saa tano usiku, mwili mzima umechoka na mikono imevimba.

Msimu uliopita nilirudi usiku huohuo mara mbili. Mara ya pili nilisinzia nikiwa nashuka mteremko wa Saranda, nikashtushwa na mlio wa kokoto za pembeni chini ya tairi. Nilisimamisha gari, nikakaa chini kando ya barabara, miguu haina nguvu. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa amelala pembeni yangu, hakujua lolote. Ana mama yake ananitegemea nimrudishe salama. Sirudi tena usiku.

Gesti ziko mjini, mbali na mizinga, na asali huwezi kuiacha nje kwenye gari. Nimeamua tulale hukohuko, juu ya gari. Gari ni Suzuki Carry, Kirikuu ya kawaida ya cc 660. Nimepima bodi kwa futi ya fundi: urefu sentimita 194, upana 141. Mtu unalala umenyooka.

Fundi wa kuchomelea amenichorea kijumba cha urefu wa sentimita 120 kutoka kwenye bodi. Fremu skwea paipu za milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, kuta, sakafu na paa plaiwudi nyeusi ya milimita 18, ile ya kufungia zege, na kila kitu kichomelewe moja kwa moja kwenye gari. Anasema "hii hata ipinduke haivunjiki". Naomba mawazo kabla sijalipa. Na kuhusu jiko, baridi ya Juni kule si mchezo, nafikiria kuingia na jiko dogo la mkaa.

fundi_bodi
Mkuu, pole kwa lililokukuta Saranda, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Usilipe bado.

Tupige hesabu pamoja. Kirikuu imetengenezwa kubeba kilo 350, basi. Najua mtaani tunaona zinabeba tofali hadi springi zinageuka juu chini, lakini hapo breki na matairi yale ya inchi 12 yanafanya kazi ambayo hayakuumbiwa.

Fremu aliyokuchorea itakula kama mita 29 za paipu ukihesabu nguzo za katikati na mapau ya paa. Paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina uzito unaokaribia kilo mbili na nusu kwa mita. Hapo una kilo 70. Plaiwudi ya milimita 18, ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 haupungui kilo 30, nawe utatumia minne na nusu. Weka kilo 140. Kijumba kitupu, bila godoro, bila maji, ni kilo 210.

Sasa niambie, huwa unarudi na ndoo ngapi za asali?

mrinaji_kati
Safari nzuri ni ndoo sita za lita 20. Nilikuwa nahesabu kilo 20 kila ndoo, kumbe?

fundi_bodi
Lita 20 za maji ndizo kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji, ndoo hiyo ikijaa ni kilo 28. Sita ni karibu 170. Jumlisha na kijumba cha fundi wako: 380. Umeshavuka kabla hujaweka dumu la maji.

Na kuna jambo watu hawalijui. Wajapani wanapoandika kilo 350 wameshawahesabu pembeni, nje ya hizo 350, watu wawili wa kilo 55 kila mmoja. Wewe na kijana wako mkiwa 75 na 80, zile 45 za ziada zinatoka kwenye mzigo. Toa asali, toa hizo 45, toa maji 20, toa mavazi, bomba la moshi la kufukizia nyuki na godoro kama kilo 35. Kinachobaki kwa ajili ya kijumba ni kilo 80.

Fanya hivi: skwea paipu za 25 kwa 25, unene milimita moja na nusu. Hiyo ni kama kilo moja na kidogo kwa mita, fremu nzima inabaki kilo 32 au 33. Paa weka bati. Kuta weka turubai zito la lori, lenye madirisha ya wavu. Sakafu usiweke, bodi ya gari ndiyo sakafu. Usizidishe kimo juu ya kichwa cha kabini zaidi ya shubiri moja. Kanda hiyo ya Singida upepo wake unaujua mwenyewe, na kigari hiki ni chembamba.

Usichomelee kwenye gari. Tengeneza fremu chini, ipandishe, kata vipande vya tairi kuukuu uweke kati ya chuma na bodi, kisha ifunge kwa bolti sita. Na kama kuna kipande lazima kichomelewe ikiwa juu ya gari, toa waya wa hasi wa betri kwanza. Nimeona kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, imeungua kwa sababu ya fundi aliyekuwa na haraka.

mtu_wa_njia_kuu
Kwa heshima zote, turubai mwizi analipasua kwa wembe. Mimi ningeongeza tu jani moja la springi nyuma niweke kuta za bati zima. Usalama kwanza.

fundi_bodi
Mkuu, jani la springi linainua gari, haliongezi breki. Ekseli ni ileile, ngoma za breki ni zilezile, na yeye anashuka Saranda na mzigo. Kuhusu wizi una hoja. Bati la kuta linaongeza kama kilo 25, linaingia kwenye zile 80 akitaka. Aamue yeye anaogopa nini zaidi, mwizi au mteremko. Ila bati ukutani bila tundu la hewa mtaamka mmelowa. Pumzi za watu wawili usiku kucha zinagandia kwenye bati la baridi, alfajiri linadondosha matone kama mvua.

mama_asali
Mwanangu, mimi ni mrinaji wa miaka mingi upande wa Manyoni. Mafundi wamesema ya chuma, ngoja niseme ya porini.

Rangi. Usipake bluu wala nyeusi, na turubai la bluu usinunue hata likiwa la bure. Kule kuna mbung'o, na mbung'o anaifuata bluu na nyeusi. Mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Tafuta turubai jeupe au la rangi ya mchanga. Hata nyuki hawapendi cheusi.

Harufu. Ndoo zikae chini ya chaga mtakayolalia, upande wa kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Lakini kabla hujapandisha, kila ndoo ifunge mfuniko wake vizuri, ifute nje kwa kitambaa chenye maji mpaka kidole hakinati. Nguo za kurinia usiingie nazo. Zivue, zitundike mtini hatua thelathini kutoka kwenye gari. Nilishawahi kuacha glovu moja tu kwenye kiti. Jua lilipochomoza nyuki walikuwa wamejaa kwenye kioo, tukakaa ndani hadi jioni bila maji. Amka mapema, muwe barabarani kabla jua halijapata joto.

Usiache ndoo nje usiku ukidhani ndiyo salama. Nyegere hahitaji kualikwa.

dereva_mstaafu
Nimesubiri mtu aguse swali la jiko, naona limepita. Mdogo wangu, futa kabisa wazo la jiko la mkaa. Hata liwe dogo, hata uache upenyo.

Tulikuwa watatu nyuma ya lori, tumefunga turubai kwa sababu ya mvua, tukaingiza jiko lililokwisha kushika, halina moshi hata kidogo. Mkaa usio na moshi ndio unaodanganya. Hewa yake ya sumu haina harufu, haichomi macho, unasikia tu usingizi mzuri. Mimi nilitoka kwa sababu tumbo liliniuma. Nilianguka mlangoni, baridi ya nje ikanizindua, nikawavuta wenzangu kwa miguu. Mmoja alichukua saa nzima kujitambua. Sijawahi kusahau uzito wa ile miguu.

Na lile bomba lako la moshi la kufukizia nyuki ni jiko vilevile. Likifuka polepole ndani ya kijumba linaua kama jiko. Lizibe kwa majani mabichi, lilale nje. Injini nayo zima, usiiache ikiunguruma mpate joto. Baridi ya Itigi inaondoka kwa mablanketi mawili na kofia ya sufi. Mpikie nje.

mkaguzi_mstaafu
Upande wa sheria. Kijumba cha kufunga kwa bolti na kutoa ni salama zaidi kwako kuliko cha kuchomelea, kwa kuwa kadi ya gari inasema pikapu na itaendelea kuwa pikapu. Hata hivyo, kabla ya safari ya kwanza peleka gari kwa wakaguzi wa trafiki walione, na waambie bima yako kwa maandishi. Taa za nyuma na namba zisifichwe na turubai. Gari likitembea asikae mtu nyuma.

mrinaji_kati
Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, nimerudi na mrejesho.

Fundi wa mwanzo nilimshukuru tukaachana. Nimejengewa na mwingine: paipu za 25, bati juu, turubai la rangi ya mchanga pande tatu, na mlango wa nyuma wa plaiwudi ya milimita 6 wenye kufuli. Tulikibeba watu wawili tukakiweka kwenye mzani wa magunia: kilo 61. Nimetoboa dirisha la wavu mbele na jingine nyuma juu.

Wiki iliyopita tumelala usiku wa kwanza. Vumbi lilinisumbua njiani, lilikuwa linafyonzwa kwa nyuma hadi blanketi likawa jekundu. Nilipofungua dirisha la mbele gari likiwa linatembea, upepo ukawa unaingia mbele na kutokea nyuma, vumbi likapungua sana. Ndoo nne, zimefutwa kama mama alivyoelekeza. Bomba la moshi lililala nje. Saa kumi na moja alfajiri nilimwamsha kijana, tukashuka Saranda kukiwa kumekucha, akinisimulia ndoto yake njia nzima.

Mama asali, swali moja limebaki: kwenye bati la paa bado yalidondoka matone machache upande wa kichwani. Nibandike mkeka kwa ndani, au utavuta wadudu?

mama_asali
Mkeka utashika ukungu. Tandaza kanga ya pamba chini ya bati, acha nafasi ya vidole vinne katikati, asubuhi uitoe uianike.