Mwanzilishi wa mwisho akishazikwa, jina la bendi libaki na nani?

Mtoto wa Gerezani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mwaka 2025 ulitupigia hodi vibaya sisi wapenzi wa roki ya zamani. Marianne Faithfull alitangulia Januari, Sly Stone na Brian Wilson wakaondoka ndani ya wiki moja ya Juni, Ozzy Osbourne Julai, Ace Frehley wa KISS Oktoba. Na kila msiba una mtiririko wake: picha za rangi nyeusi na nyeupe, rambirambi, nyimbo zinapigwa siku tatu. Halafu hata arobaini haijafika, watu washaanza kuulizana bendi itaendelea na nani.

Mimi naleta kesi moja tu. Gary Rossington, mpiga gitaa wa Lynyrd Skynyrd, alifariki Machi 5, 2023. Ndiye alikuwa mwanzilishi wa mwisho aliyebaki hai kwenye ile bendi ya Jacksonville, Florida. Mwaka huohuo bendi ikazunguka Marekani pamoja na ZZ Top, jina lilelile kwenye bango, na jukwaani hakuna hata mwanzilishi mmoja. Kwangu hiyo ni bendi ya kopi yenye leseni. Kopi nzuri, sikatai. Ila ukiniuzia tiketi kwa jina la marehemu, niambie ukweli mlangoni.

Kwa wasioijua historia: Oktoba 20, 1977 ndege yao iliishiwa mafuta ikaanguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Walikufa watu sita, akiwemo mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines na dada yake Cassie, aliyekuwa mwitikiaji. Rossington alitolewa amevunjika mikono na miguu. Bendi ikafungwa. Mwaka 1987 walionusurika wakarudi kwa ziara ya kumbukumbu, maikrofoni ameshika Johnny, mdogo wake Ronnie. Ule wimbo wao mkubwa wa kufungia onyesho Johnny hakuuimba. Walipiga ala tupu, watazamaji wakaimba wenyewe. Pale nilivua kofia. Siku hizi kwenye wimbo huohuo wanarusha video ya Ronnie kwenye skrini, marehemu anaimba, watu wanalipa.

Msimamo wangu: mwanzilishi wa mwisho akizikwa, jina lizikwe naye. Karibuni tuparurane.

Msee wa Makadara

Mkuu, kwa sheria yako hiyo AC/DC ingekufa 1980. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 19, na Julai mwaka huohuo *Back in Black* ikawa sokoni, Brian Johnson anaimba, jalada jeusi la maombolezo. Ni kati ya albamu zilizouzwa kuliko zote duniani. Unataka kuniambia wangekaa matanga hadi leo?

Na ngoja nikuongezee. Bon mwenyewe alirithi kiti. Mwimbaji wa kwanza wa AC/DC alikuwa Dave Evans. Kwa hiyo huyo "wa asili" unayemlilia alikuwa wa pili.

Mtoto wa Gerezani

Hujanisoma. Nimesema mwanzilishi wa mwisho. Angus Young, mpiga gitaa mwanzilishi, yupo, anakimbia jukwaani na kaptula ya shule mpaka leo. AC/DC wana mwenye nyumba.

Msee wa Makadara

Sawa. Siku Angus akienda, tutarudi hapa.

Dada Riziki, Birmingham

Mimi naishi huku kwao Ozzy, naomba niwaambie namna watu walivyoaga. Julai 5 walifanya onyesho uwanja wa Villa Park, pale Aston alikokulia. Aliimba amekaa kwenye kiti cha enzi kwa sababu ugonjwa wa Parkinson ulishamchukua miguu. Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward wakapanda, Black Sabbath wote wanne, mara ya kwanza tangu 2005. Mapato wakayaelekeza kwenye misaada: utafiti wa Parkinson, hospitali ya watoto ya hapa mjini, na nyumba ya kutunzia watoto wagonjwa mahututi. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki, ana miaka 76.

Julai 30 jeneza lilipita Broad Street, likasimama kwenye daraja lenye jina la bendi yao, familia ikashuka, na bendi ya matarumbeta inapiga nyimbo zake. Nimeona wazee wenye tatuu shingoni wanalia kwa sauti kama waliofiwa na kaka. Hakuna aliyeuliza nani atamrithi. Wenyewe walikuwa wamefunga duka wakiwa hai, mbele ya watu wao. Kwa hiyo mimi sioni kwamba idadi ya waliobaki ndiyo hoja. Naangalia kama wenyewe waliaga. Skynyrd hawakupata nafasi hiyo mwaka 1977, ndege ndiyo iliyowaagia.

Msee wa Makadara

Dada, nakuheshimu, lakini hao Sabbath unaowasifia, Ozzy alipotimuliwa 1979 Iommi aliendelea na jina akibadilisha waimbaji, mara Dio, mara Gillan, mara Tony Martin. Kuna kipindi yeye peke yake ndiye aliyebaki kati ya wale wanne. Wakati huo nani alivua kofia?

Dada Riziki, Birmingham

Kufukuzwa na kufa ni mambo mawili. Aliyefukuzwa anaweza kurudi, na alirudi.

Mzee wa Ilala

Wanangu, mnanifurahisha. Mnabishana utadhani jambo hili limezaliwa Ulaya. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo, Baba ya Muziki. Jina limebadilika mara ngapi? TX Moshi William alituacha 2006. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwepo tangu mwanzo, alituacha Aprili 2014. Kuna mtu alisimama makaburini akasema Msondo ifungwe? Tulimzika mzee, tukasoma dua, wanamuziki wakarudi kazini. Na huyo Gurumo mwenyewe, mwaka 1978 alihamia Mlimani Park akaenda kuiwasha Sikinde, na JUWATA haikuzima taa.

Sababu ni nini? Bendi zetu nyingi zilikuwa na mwenye vyombo. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa na mshahara. Gitaa la chama, ngoma za chama, hata basi la chama. Mtu akihama au akifa, kiti kinajazwa, kama ofisi yoyote. Hao wazungu wenu walianza kama marafiki wa mtaa mmoja, vyombo vyao wenyewe, ndiyo maana wanapofiwa wanaona nyumba imebomoka. Mnapima vitu viwili kwa mizani moja.

Mtoto wa Gerezani

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye mwenye vyombo umenikamata, sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini naomba nikuulize: ukienda Msondo leo unamfuata nani?

Mzee wa Ilala

Marahaba. Nafuata mdundo. Nikitaka sauti ya Gurumo nina kanda nyumbani.

Papa Kivu

Ndugu zangu, mimi wa Bukavu nawaletea ya kwetu, maana ina uchungu. Franco, kiongozi wa TPOK Jazz, alifariki Oktoba 12, 1989, kule Ubelgiji. Zaïre nzima ililia. Bendi iliendelea chini ya mzee Simaro Lutumba, na wale wapigaji walikuwa walewale, siyo wa kukodi. Iliendelea miaka kama minne. Kisha familia ya marehemu na wanamuziki wakagombana juu ya mgao wa pesa. Mwisho wake wanamuziki wakatoka, wakaunda Bana OK. Jina likabaki na familia.

Sasa niambieni. Upande mmoja kulikuwa na Simaro mwenyewe, aliyekaa na Franco tangu mwanzo wa miaka ya 60, lakini hakuruhusiwa kuitwa OK Jazz. Upande wa pili kulikuwa na jina tupu, limekaa kabatini. Kwangu OK Jazz ilikuwa pale alipokuwa Simaro. Mleta mada anaogopa jina bila watu. Mimi nimeona watu bila jina, na inauma zaidi.

Wakili Asiyevaa Joho

Papa Kivu kagusa penyewe. Acheni machozi kidogo, tusome makaratasi.

Skynyrd: baada ya ajali, walionusurika na wajane walikubaliana jina lisitumike tena. Ziara ya 1987 ilipofufua jina, mjane wa Ronnie, Judy, akaenda mahakamani. Mwaka 1988 wakasuluhishana, na amri ya mahakama ikaweka masharti: kupiga muziki kwa jina lile, lazima wawepo jukwaani angalau watatu kati ya waliokuwepo kabla ya ajali. Vifo vikaendelea kuwapunguza, ikafika mahali watatu hawakutimia tena. Jina liliendelea. Kwa hiyo mleta mada, kanuni unayoitaka iliwahi kuandikwa na kutiwa sahihi, tena kali kuliko yako, na bado tumefika hapa tulipo.

Pili, Fleetwood Mac. Mwaka 1974 meneja wao, Clifford Davis, alidai jina ni lake, akakusanya wanamuziki wengine kabisa akawatuma Marekani wakapige kama Fleetwood Mac. Watu wakalipa kiingilio, wakapanda jukwaani wageni watupu. Kesi ikafuata. Hapo hakuna hata aliyekufa! Linganisha na Novemba 30, 2022 alipofariki Christine McVie, mwimbaji na mpiga kinanda wao: mwimbaji mwenzake Stevie Nicks akasema haoni sababu ya kuendelea. Cheti cha jina wanacho, jina lina thamani, na wamekaa.

Tatu, jambo ambalo mashabiki hawalijui. Jina la bendi Marekani ni alama ya biashara, na alama hulindwa kwa kutumika. Usipoitumia miaka mitatu mfululizo, sheria inaanza kuihesabu kuwa umeitelekeza, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo. Kwa hiyo ukiona bendi imebaki mifupa na bado inazunguka, usikimbilie kusema ni tamaa. Wakati mwingine ziara ndiyo inayozuia jina lisiokotwe na mpita njia.

Msee wa Makadara

Wakili leo umekunywa chai ya nguvu.

Dada Riziki, Birmingham

Na Rush mnawaweka wapi? Neil Peart, mpiga dramu na mtunzi wa mashairi yao, alifariki Januari 2020 kwa saratani ya ubongo. Wenzake wawili, Geddy Lee na Alex Lifeson, wakanyamaza. Oktoba 2025 wakatangaza ziara ya 2026, kwenye dramu binti wa Kijerumani, Anika Nilles. Mashabiki wakachafukwa: "bila Neil hakuna Rush". Mjane wake na binti yake wakatoa tamko la kuunga mkono. Mimi hapo nikafunga mdomo. Kama mwenye msiba kasema endeleeni, mimi niliyenunua kaseti mbili nina neno gani?

Mtoto wa Gerezani

Rush sina tatizo nao. Wawili wa tangu enzi wapo, na Peart mwenyewe alikuta albamu ya kwanza imeshatoka, aliyepiga ni John Rutsey. Lakini hoja ya mjane siichukui moja kwa moja, dada yangu. Mjane ana haki ya mirathi, namheshimu. Je, anaweza kunihakikishia kwamba nitakachosikia ndicho kilichoandikwa kwenye bango? Hayo ni maswali mawili tofauti.

Led Zeppelin ndio kipimo changu. Mpiga dramu wao John Bonham alifariki Septemba 25, 1980, na Desemba wakatangaza kwamba hawawezi kuendelea. Pesa zilikuwepo mezani miaka yote. Wakaja kupiga usiku mmoja London, Desemba 2007, na kwenye dramu wakamweka mtoto wa marehemu, Jason. Basi, wakaenda zao nyumbani.

Msee wa Makadara

Na wewe Skynyrd umewasomea nusu. Rickey Medlocke yuko jukwaani mpaka leo. Huyo alipiga dramu na Skynyrd mwanzoni mwa miaka ya 70, akarekodi nao kabla albamu ya kwanza haijatoka, akaondoka, akarudi 1996 na gitaa. Alikaa na Ronnie chumba kimoja cha mazoezi. Huyo naye ni kopi?

Mtoto wa Gerezani

Medlocke nampa heshima yake. Lakini alikuwa ameondoka wakati zile nyimbo tunazozilipia zinarekodiwa na kina Ronnie. Sawa, napunguza mguu mmoja: siiti kopi tupu. Ila nataka bango liseme. Liandikwe chini, kwa herufi zinazosomeka, nani yumo. Hilo tu. Ni kubwa mno?

Wakili Asiyevaa Joho

Lipo tayari, mkuu. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya ukweli katika matangazo ya muziki. Ilipiganiwa sana na Jon Bauman, yule "Bowzer" wa Sha Na Na, kwa sababu makundi ya miaka ya 50 kama The Platters na The Drifters yalikuwa na nakala nyingi zinazozunguka kumbi, huku waimbaji wenyewe wamezeeka bila senti. Sheria inasema hivi kwa ufupi: huruhusiwi kujiita kwa jina la kundi lililorekodi isipokuwa mmoja wenu aliwahi kurekodi nalo, au utangaze wazi kwamba hili ni onyesho la kuenzi.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Kama wewe ndiye mmiliki wa alama iliyosajiliwa na serikali ya shirikisho, sharti hilo halikugusi.

Mtoto wa Gerezani

Kwa maana hiyo KISS wakituletea zile picha za kompyuta walizotangaza Desemba 2023 Madison Square Garden, ziimbe badala yao, pamoja na ile sura ya kujipaka rangi ya Spaceman ya Ace Frehley, sheria haiwagusi?

Wakili Asiyevaa Joho

Nyimbo na haki za jina vilishauzwa kwa Pophouse ya Sweden mwaka 2024. Na ile sura, Tommy Thayer, aliyeshika nafasi ya Ace, aliivaa miaka kama ishirini, Ace yuko hai anaangalia.

Mzee wa Ilala

Sasa hapo mmenipoteza. Yaani hiyo bendi haitakuwa na mtu hata mmoja jukwaani, na kiingilio kipo?

Dada Riziki, Birmingham

Kipo, mzee. ABBA wanafanya hivyo London tangu 2022, wote wanne wakiwa hai, na ukumbi unajaa. Nimeingia mara moja.

Mzee wa Ilala

Ukatunza?

Dada Riziki, Birmingham

Ningemtunza nani, baba?