Mama anaogopa kulala hemani Ndutu

Habari za jioni wadau. Niko Moshi. Februari nampeleka mama Ndutu, mbugani karibu na Serengeti, kuona nyumbu wakizaa. Kambi haina uzio, na mama usiku lazima aamke kwenda msalani. Itakuwaje?

JIBU (Arusha): Dada, usiku mama asitoke nje kabisa. Ulizia hema lenye choo ndani. Kambi nyingi wanavyo, kinakuwa nyuma ya kitanda tu. Mimi ni mhudumu wa mahema. Jioni tunachemsha maji, tunayamimina kwenye ndoo inayoning'inia nyuma ya hema, mama anavuta kamba anaoga. Raha sana! Baada ya chakula askari anamsindikiza na tochi hadi mlangoni. Atawasikia fisi, pengine na simba. Zipu ifungwe mpaka chini, na ndani kusibaki hata ndizi moja. Hilo la chakula nalisisitiza, wageni hawasikii.

JIBU: Mbebee sweta zito. Mtapita ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000, asubuhi ni baridi kali.

MUULIZAJI: Asante sana kaka. Kesho nawapigia kuuliza hicho choo kabla sijalipa.