MREJESHO: Binti yangu na kukesha TikTok

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na binti yangu wa miaka 13 anayekesha TikTok huku watu asiowajua wakimtumia meseji. Asanteni nyote, hata mlionigombeza.

Kumbe alijiandikisha kuwa ana miaka 19! Tukaifuta akaunti, tukafungua nyingine kwa umri wake halisi. Aliye chini ya miaka 16 akaunti yake inaanza ikiwa ya faragha na meseji binafsi hazipo kabisa. Alilia siku mbili, ila wale watu wamekatika.

Family Link, ile programu ya Google ya mzazi kudhibiti simu ya mtoto, imenisaidia nusu. Usiku simu yake inajifunga vizuri, lakini nikamkuta na simu ya bibi yake. Kilichofanya kazi ni ushauri wa yule aliyesema simu zote, na yangu ikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Nilipoiweka yangu ndipo alipoacha kubisha.

Juzi kaniletea mwenyewe meseji ya mtu wa kwenye gemu anayemwomba picha. Tumembloku na kumripoti pamoja.

Kununa wikendi bado kupo, eti wenzake wote wako huru. Hilo sijalipatia dawa.