Naomba ushauri: niwapeleke wapi watoto Dar, kisiwa cha Mbudya au Morogoro kwa treni ya SGR?

Habari zenu wana jukwaa, poleni na majukumu.

Tunaishi Kimara, watoto watatu: 10, 7 na mdogo wa miaka 2. Shule zimefungwa na nyumbani hapakaliki, makochi yameshageuzwa goli.

Coco Beach tumeshaenda. Mihogo mitamu, ila Jumapili watu ni wengi mno, na kumfukuzia mtoto wa miaka 2 katikati ya ule umati si mapumziko. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama walikipenda kuliko nilivyotegemea. Mkubwa aliingia nyumba ya msonge akagoma kutoka, anauliza moshi ulikuwa unapitia wapi. Sehemu za michezo za kwenye maduka makubwa ndiyo sizitaki tena, kila wakipanda kitu ni hela.

Sasa nawaza Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi, au kwenda na SGR Morogoro asubuhi na kurudi jioni, maana tangu ianze 2024 hawajaipanda na wananisumbua kila siku. Bibi yao tutakuwa naye, magoti yanamsumbua.

Waliowahi kwenda Mbudya na mtoto mdogo: maboya ya kuvaa ya saizi yake yapo, na bibi atashukaje kwenye boti bila kuruka majini? Na wa Morogoro: karibu na stesheni kuna pa kukaa na watoto mchana bila kuhangaika na usafiri?

Natanguliza shukrani.