Naomba ushauri: mirathi yenye aul (mafungu yanazidi mali), nyumba moja, na mrithi mdogo

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa mliosoma faraidhi (elimu ya mirathi). Marehemu ni mwanamke, Mombasa, madhehebu ya Shafii. Ameacha mume, mabinti wawili (mmoja ana miaka 14), baba na mama.

Mali: nyumba ya milioni 40, taslimu milioni 6.5, na milioni 2 za mahari ambazo mume hakuwahi kulipa (deni hili watu hulisahau, na ni mali ya marehemu). Ukitoa madeni yake ya milioni 3.5, inabaki 45. Wasia hakuna, na sanda imegharamiwa na mume.

Mafungu: mume 1/4, mabinti 2/3, baba 1/6, mama 1/6. Kwa asili (kigawanyo cha pamoja) ya 12 yanatoka 3+8+2+2, yaani 15. Kwa hiyo aul, kila fungu linapunguzwa kwa uwiano, kwa milioni: mume 9, kila binti 12, baba 6, mama 6. Kuna jamaa anataka mabinti peke yao ndio wapunguziwe. Hiyo ni rai ya sahaba Ibn Abbas, na madhehebu manne hayakuifuata.

Hesabu hainisumbui. Kinachosumbua ni kwamba mume anataka fungu lake lote kwa fedha, asibaki na sehemu katika nyumba. Ana 2 za mahari tayari, taslimu iliyobaki ni 3, bado 4. Binti mkubwa yuko tayari kumlipa hizo 4.

Je, kwa takharuji hii (mrithi kulipwa na kuacha fungu lake) nyumba ithaminiwe kwa bei ya siku ya kifo au ya leo? Na huyo wa miaka 14 nani amsemee, maana walii wake ndiye huyo huyo mume, baba yake, anayeuza fungu lake? Kadhi humteua mwingine?